Somo la Kusikiliza Moyo

Nabwile aliiweka faneli kifuani mwa Tonny, akaingiza sikioni mwake ncha ya mpira wa maji uliofungwa kwenye faneli hiyo, akafumba macho. "Iko," alisema baada ya muda. "Inapiga kama mtu anatwanga." Wenzake wakamsonga, kila mmoja akitaka zamu.

Hilo ndilo lililokuwa somo la siku hiyo katika Darasa la Saa Kumi, lililokutana nyuma ya kanisa mjini Kitale watoto walipotoka shule. Mwalimu Wacuka hakufundisha mambo ya mtihani. Wanafunzi wake walifungua redio mbovu, wakaunda vitu kwa takataka, na kabla ya kwenda nyumbani kila mmoja aliuliza swali. Kanuni ilikuwa moja: swali halifukuzwi, na jibu ni la kweli. Wazazi walionung'unika kwamba watoto wanacheza tu badala ya kudurusu aliwajibu kuwa kumdanganya mtoto ni kumwibia. Alipenda kuyasema maneno hayo. Ni rahisi kuyapenda maneno mazuri kabla hayajakudai kitu.

Mchana huo yalikuwa yamemdai. Kukhu Agneta, nyanya yake Nabwile, alimjia kabla ya watoto kufika, akaketi kwenye benchi na mkoba wake mapajani.

"Emmy ametuacha asubuhi," alisema. Emmy alikuwa mkaza mwanawe, mama yake Nabwile, aliyekuwa amelazwa hospitalini.

"Pole sana, Kukhu. Mtoto anajua?"

"Hajui. Na usimwambie, Mwalimu. Kwetu mtoto haambiwangi hii maneno na mtu wa nje. Ataambiwa na senge yake, dada ya baba yake, tukifika nyumbani Matulo. Akianguka, sisi ndio tutamshika. Wewe kaa na yeye tu mpaka gari ikuje."

Wacuka alitaka kubisha, lakini alikuwa mtoto wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia, na alijua tangu utotoni kwamba mgeni hapangi matanga ya watu. Akaahidi.

Sasa alisimama ubaoni akimtazama Nabwile akikaza waya kwenye mpira. Kifaa hicho alikuwa akimtengenezea mama yake. Daktari husikiliza moyo wa mama peke yake, alieleza Nabwile, na yeye pia anataka kusikia. Wacuka alimshikia waya.

Saa ya maswali ilipofika, Nabwile alikuwa wa kwanza, kama kawaida.

"Mwalimu, moyo ukisimama, unaweza kuanza tena?"

"Mara nyingine. Madaktari wakiwahi."

"Ya mama wamewahi?"

Mtoto akaendelea, sauti yake ikipungua. "Jirani alikuja kwa mlango akaambia Kukhu pole. Alafu Kukhu akaniambia nivae sweta ya Jumapili nikuje huku. Mama ako sawa?"

Wacuka angeweza kusema hajui. Angeweza kusema, subiri senge yako. Baadaye alizipata njia nyingi za kulikwepa swali lile bila kulichafua, lakini wakati ule hakuona hata moja.

"Ako sawa," alisema. "Anapumzika tu."

Nabwile akasogea, akaiweka faneli kifuani mwa mwalimu wake na kusikiliza. Alisikiliza muda mrefu kuliko alivyomsikiliza Tonny. Kisha akautoa mpira sikioni, akaukunja vizuri na kuuweka mezani.

"Asante, Mwalimu," alisema, akaenda kukaa.

Gari lilipokuja kumchukua alipanda bila kuangalia nyuma.

Wacuka alikwenda mazikoni Matulo. Alimwona Nabwile akilia hadi miguu ikamwisha nguvu, na kweli, senge yake alimdaka, na nyuma ya senge walikuwapo wanawake wengine watano au sita, mikono tayari. Kukhu Agneta hakuwa amesema uongo. "Umetusaidia, Mwalimu," alimwambia, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. Wacuka angeona afadhali atukanwe. Nabwile alipoletwa kumsalimia, alitoa mkono kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni yeyote.

Mwezi uliofuata mtoto alirudi darasani. Aliunda, akapaka rangi, akamsaidia Tonny kufunga kamba. Saa ya maswali Wacuka alimtazama.

"Nabwile?"

"Sina."

Siku iliyofuata hakuwa nalo, na wiki iliyofuata pia. Mtoto ambaye zamani alilazimika kukatizwa ili wenzake nao wasikike! Wacuka hakulala vizuri siku hizo. Alimkosa mtoto aliyekuwa mbele yake kila jioni, na moyo wake ulimuuma waziwazi, kama jino.

Hatimaye alimzuia wenzake walipotoka. Akainama, macho yao yakawa sawa.

"Siku ile nilikudanganya. Nisamehe."

"Kukhu alisema ulikatazwa."

"Nilikatazwa. Lakini uliniuliza mimi."

Nabwile alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta yake. "Si nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua?"

"Jirani hasemangi pole bure."

"Basi mbona uliuliza?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama zamani, uso umekunjamana, na kwa nukta moja Wacuka alidhani amempata tena.

"Nilikuwa nataka nilie hapa," alisema Nabwile. Akauachia uzi, akabeba mkoba wake, akatoka kumfuata Kukhu aliyekuwa akimngoja langoni.