Tangi Chini ya Bawa

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, chenye dirisha pana na meza moja ndefu iliyojaa misasa, gundi na vikopo vya rangi. Majirani walimwita Mama Kibano, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu kibano hakikumtoka mkononi. Walisema angeweza kumnyoa sisimizi ndevu na sisimizi mwenyewe asijue. Aliunda mifano ya meli, ya madaraja, ya majengo ambayo bado hayajajengwa, na wateja wake walikuwa wahandisi na makampuni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kazi aliipenda kuliko alivyowapenda watu wengi.

Mtu aliyempenda kuliko kazi ni mdogo wake, waliyechangia mama, kila mmoja na baba yake. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Mama alipoanza kuugua miguu, dada ndiye aliyemlea mdogo huyo: alimwogesha, alimchapa, alimbembeleza, na alilia peke yake jikoni siku alipomsindikiza kwenda kuwa fundi wa jeshi la majini.

Kitinda alipangiwa meli ya kubebea ndege. Ndege za kivita za huko hukunja mabawa ili zienee melini, kisha mabawa hukunjuliwa na kukazwa kwa makomeo kabla ya kuruka. Komeo lisipokaza sawasawa, kibendera chekundu huchomoza chini ya bawa, pale kwenye kiungo. Kazi ya Kitinda ilikuwa kusimama kando ya ndege, kuhakikisha hakuna chekundu kinachoonekana, kisha kuinua dole gumba ili rubani aondoke.

Asubuhi moja aliinua dole gumba, ndege ikaruka, na kabla haijafika mbali bawa la kushoto likajikunja hewani. Ilitumbukia baharini na rubani wake ndani. Pale maji ni ya kina kirefu mno, na hakuna kilichopatikana ila kofia ya rubani ikielea.

Kitinda alirudishwa nyumbani kusubiri tume ya uchunguzi. Alikuwa na neno moja tu, na alilirudia kwa mama, kwa dada, hata kwa mwuza duka: pale aliposimama, tangi la mafuta lililoning'inia chini ya bawa lilikiziba kile kibendera. Hakukiona kwa sababu kisingeweza kuonekana. Dada yake alimwamini, kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Basi tume ikahitaji mfano wa ndege ile, kwa kuwa yenyewe ilikuwa imelala chini ya bahari. Ofisa aliyetumwa aliulizia mjini, akaelekezwa kwa Mama Kibano. Hakujua kwamba mtuhumiwa alikuwa amelala chumba cha pili, maana majina ya baba zao hayakufanana. Dada alipaswa kusema palepale. Ulimi ulimwia mzito. Aliwaza kuwa akiunda mfano ulio sahihi kabisa, kila mwenye macho ataona alichokiona mdogo wake, na maneno hayatahitajika. Akaipokea kazi.

Walifanya kazi pamoja, na ajabu ni kwamba siku hizo nyumba ilikuwa na uhai. Michoro ya jeshi ilieleza vipimo, lakini Kitinda ndiye aliyejua ndege ilivyokuwa hasa: rangi ya kijivu iliyochujuka kwa chumvi, weusi wa moshi nyuma ya injini, alama za viatu vya mafundi juu ya mgongo wake, ndoano ya mkiani iliyosuguka hadi ikang'aa. Dada alipulizia rangi, akaifuta, akaipulizia tena. Mabawa aliyawekea bawaba za shaba, yakakunjika na kukunjuka kweli, na kibendera kikachomoza na kujificha. Matangi aliyatundika mwisho, kwenye vitundu vyake, kama michoro ilivyoonyesha na kama Kitinda mwenyewe alivyosema. Mama aliletwa kwenye kiti chake aje aone. Alisema ni nzuri, ila mbona haina kuku wala abiria, hiyo ni ndege gani? Wote wakacheka.

Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa karibu mita moja, na mtu angeweza kudhani inapumua. Dada alitengeneza kijitu cha waya chenye kimo cha mdogo wake, akakisimamisha pale Kitinda alipodai alisimama. Akakunjua bawa bila kufunga komeo, akainama hadi jicho lake likawa sawa na kichwa cha kile kijitu.

Kibendera kilionekana. Kilikuwa chekundu, kizima, pembeni mwa tangi.

Akakisogeza kijitu nyuma. Kibendera bado kilionekana. Akakisogeza mbele, akakipeleka upande, na popote fundi anapoweza kusimama kibendera kilikuwa mbele ya macho. Alibaki ameinama hivyo mpaka shingo ikamuuma, kisha akamwita mdogo wake.

Kitinda alitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Tangi haliko mahali pake," alisema.

"Liko mahali pake. Wewe ndiye uliyenionyesha."

"Nilikosea. Lisogeze, dada. Upana wa ukucha tu."

Dada aliinama tena kulitazama tangi. Alijua kwamba upana wa ukucha kwenye mfano ule ni shubiri nzima kwenye ndege yenyewe, na kwamba shubiri moja ilitosha kukiziba kibendera. Alijua pia kwamba tangi halisi haliwezi kukaa hapo, kwa kuwa hapo hakuna cha kulishikilia. Kitinda hakumsihi tena. Alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa utotoni akisubiri fimbo.

Dada alichukua kibano. Aling'oa tangi, akaziba vitundu, akatoboa vingine, akapaka rangi juu. Hakuna jicho ambalo lingegundua. Kazi yote ya maisha yake ilikuwa kufanya kitu kifanane na ukweli, na hiyo ndiyo aliyoifanya.

Siku ya kusikilizwa, mfano uliwekwa mezani mbele ya mwenyekiti wa tume, na Mama Kibano aliketi nyuma kama fundi aliyeuunda. Mjane wa rubani alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitambaa cheusi. Wakili wa Kitinda aliwaalika wajumbe wainame mmoja mmoja, na mmoja mmoja waliinama, wakakubali kwamba kweli, kutoka pale, kibendera hakionekani. Dada alianza kupumua.

Kisha mhandisi wa jeshi, mzee mpole aliyekuwa kimya asubuhi yote, akaomba ruhusa. Alitoa kipimo cha chuma mfukoni, akapima kutoka kwenye kiungo hadi kwenye tangi, akatazama mchoro, akapima tena. Alisema kwa upole kwamba kila kitu katika mfano huu ni sahihi, hata misumari, isipokuwa tangi hili peke yake. Akamgeukia Mama Kibano, akamwuliza anaweza kueleza vipi.

Alisimama. Kabla hajapata neno, Kitinda alishasimama upande wa pili.

"Ni mimi," alisema. "Huyu ni dada yangu. Niliingia karakana yake akiwa hayupo, nikalihamisha. Yeye hajui kitu."

Mwenyekiti alimwuliza dada kama ni kweli. Alimtazama mdogo wake, na Kitinda akamtazama kwa jicho ambalo kauli yake dada aliielewa: mmoja wao lazima abaki na mama. Akasema hakujua. Neno hilo lilitoka laini, kama la mtu aliyezoea kusema uongo.

Uzembe kazini ungemfukuzisha jeshini, wakili alieleza baadaye, pengine na kifungo kifupi. Kuchezea ushahidi ni jambo lingine. Wajumbe waliona kwamba mtu asiye na hatia hahamishi tangi. Kitinda alifungwa miaka mingi. Mjane wa rubani alipita karibu na Mama Kibano mlangoni, akasimama kidogo kana kwamba atasema kitu, kisha akaenda zake.

Wateja wakapotea. Hakuna aliyemtukana, ila mhandisi gani atampelekea kazi mtu ambaye vipimo vyake vilikuja kutiliwa shaka mbele ya tume? Akapata kibarua katika duka la miwani, kukaza skrubu za fremu.

Alipoanza kuruhusiwa kumtembelea, walizungumza habari za mama na za chakula. Kitinda alikuwa amekonda na ndevu zimemwota ovyo. Siku moja, walipokuwa wametengwa na meza ya bati, alisema amekuwa akifikiri sana, maana huko ndani kufikiri ndiyo kazi.

"Sikutazama, dada," alisema. "Nimekumbuka. Asubuhi ile ziliruka nyingi, moja baada ya moja, na zote zilikuwa salama. Hii nayo ilipofika nilikuwa nimemgeukia mwenzangu, ananihadithia kitu. Nikainua dole gumba tu."

"Na tangi?"

"Tangi halikuniziba. Labda nililitunga mwenyewe, kisha nikaliamini. Hata kama lingekuwa hapo ulipoliweka, au lisingekuwepo kabisa, ingekuwa vilevile."

Dada alitaka kumwuliza mengi, lakini kila alilolishika lilikuwa halina tena maana. Alimwuliza kama analala vizuri. Akasema analala. Askari akagonga meza kwamba muda umekwisha, na Kitinda akainuka mara moja, kama mtu aliyezoea kuamrishwa.

Nyumbani mama aliuliza mwanawe anaendeleaje na lini atarudi. Alimjibu kwamba anaendelea vizuri, na kwamba bado kidogo. Mama akasema alhamdulillahi, akageukia ukutani. Hakuuliza tena siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo, na Mama Kibano alielewa kwamba mama naye hakuwa mjinga.