Kibao cha Mlangoni

LaVonne alikuwa akianua shuka alizofulia makao ya wazee alipoona wingu limegeuka kijani. Majirani wake wa nyumba za magurudumu walikuwa vibarazani na bia mkononi, wakilikodolea macho. Huko Kansas king'ora cha kimbunga kikilia, watu kwanza hutoka nje kuangalia.

"Hilo linapita kusini," Delbert alisema.

"Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo, paa lako likaenda kaskazini," LaVonne alimjibu.

Mara mvua ya mawe ikashuka, mawe kama mayai ya kuku. Wakatimua mbio hadi handaki la halmashauri, ng'ambo ya barabara. Mlangoni alisimama Gaylen, aliyekabidhiwa ufunguo na fulana ya njano, chini ya kibao: WANYAMA HAWARUHUSIWI.

"Mzee Orval yuko wapi?" LaVonne aliuliza.

"Kabaki," Delbert alisema. "Mbwa wake asipoingia, naye haingii."

LaVonne alichomoka na shuka begani. Nyumba ya Orval ilikuwa ikitikisika, vyombo vinalia kabatini.

"Toka, mzee!"

"Na Tipper?"

"Nimemfuata Tipper. Wewe ukipenda, njoo."

Walimbeba mbwa ndani ya shuka, mkia nje. Gaylen alinyoosha mkono kuwazuia. "Kanuni, LaVonne. Si mimi, ni halmashauri."

"Iite basi, ije isimame hapa na mawe haya!"

Akampiga kikumbo, akapita. Gaylen akafunga mlango nyuma yao.

Taa zikazimika. Masikio yakaziba, ardhi ikatetemeka. Kitu kikalia uuu gizani.

"Mbembelezeni Gaylen, anaogopa," Delbert alisema. Watu wakacheka huku wameshikana mikono.

Walipofungua, hewa ilikuwa baridi, inanuka ngano iliyopondwa. Nyumba ya Orval ililala ubavu mtaroni, imepasuka katikati. Orval aliitazama, mkono wake kichwani mwa Tipper.

"Tupo," alisema.

"Leo nimefumba macho," Gaylen alisema. "Kesho kanuni ni ile ile."

LaVonne aliinua macho. Upepo ulikuwa umebeba nyumba nzima, kibao haukukigusa.

"Nani ana bisibisi?"

"Yangu iko kwenye droo ya jikoni," Orval alisema. Wote wakageukia jiko, lililoachama kuelekea mbinguni. Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akakohoa.

LaVonne alitoa sarafu mfukoni, akaipachika kwenye skrubu ya kwanza ya kibao, akazungusha.

Gaylen aligeuka kutazama anga, ingawa lilikuwa jeupe.