Chaki kwenye Mkono wa Gurudumu

Tangu kaka yangu aoe, nyumbani ni wifi asubuhi, wifi jioni. Mama mzazi humwita "mwanangu" kwanza, kisha ndipo anikumbuke mimi. Hayo niliyameza. Lakini wifi alipoajiriwa kwenye kiwanda chetu cha mabasi madogo, akapewa meza inayotazamana na yangu, roho iliniuma hasa.

Mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu la mbele, miaka yote nausanifu mimi. Ni wa chuma kinene, unabebwa na watu wawili. Wifi akaja na wake wa alumini, umejaa matundu kama chujio, akiuzungusha kwa mkono mmoja.

"Huo ni mkono au pambo?" nikamuuliza.

Akacheka, eti wifi yake ana utani.

Mkuu wetu akaamua yote miwili ifungwe kwenye mashine ya kutikisa. Aliyeuelewa mkono wake ndiye angesanifu basi jipya. "Chukueni chaki," akasema. "Kila mtu achore pale wake utakapoanzia kupasuka."

Wifi akaitazama kompyuta, inayopaka rangi nyekundu pale mkono unapoumia, akachora mviringo mdogo kando ya tundu la mwisho.

"Wangu hauvunjiki," nikasema, nikaiacha chaki mezani.

Mashine ikaanza kunguruma. Wangu sikuutazama hata kidogo. Macho yote kwa wake, naomba kimoyomoyo ukatike. Taa ya kijani ikawaka, maana yake mikono imevuka kipimo cha maisha ya basi zima. Nikajifanya sijaiona. Mara, ta!

"Umevunjika!" nikapiga kelele, mikono juu, utadhani nimefunga bao.

Wote wakanigeukia. Mkuu akainama kuutazama ufa. Ulikuwa umepita katikati ya mviringo, na mafundi wakapiga makofi.

"Lakini wangu bado mzima!" nikasema.

"Mzima, ndiyo," mkuu akasema. "Siku mkono huo ukichoka barabarani, tuukague wapi?"

Wifi akaichukua ile chaki, akaniwekea kiganjani. "Chora tu, wifi yangu. Bado hujachelewa."

Hakunikejeli hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikauzunguka mkono wangu mwenyewe, chaki ikilowa jasho, nisijue pa kuigusisha.