Nywila ya Wauza Vitenge

Jovin aliwatengenezea wauza vitenge wa Kariakoo ukurasa wa mtandaoni: unabonyeza kitufe, unapata nywila ngumu ya akaunti yako ya biashara, ya kwako peke yako. Wiki nzima alijigamba, eti hakuna mwizi Bongo nzima atakayeiotea.

Leo, Jovin akiwapo sokoni, mmoja wa wauzaji hao, Bi Zena, alisahau nywila yake. Jirani yake Candida, huku akiendelea kukunja kitenge, akamtajia herufi kwa herufi. Akaunti ikafunguka.

Uso ukamshuka Jovin. Hakuwa ameondoa nywila ya majaribio aliyoiweka alipokuwa akitengeneza ukurasa. Kitufe kilimpa kila mtu ileile.

“Ahsante, mwanangu,” Bi Zena alisema. “Umetupa moja sote, kama ufunguo wa akiba wa duka. Mmoja akisahau, jirani anayo.”



“Ndiyo, mama,” Jovin akasema. “Niliwafikiria.”