Ushahidi Uliokatika Mara Tatu

Laini ilikatika bibi akiwa katikati ya neno. "Nikaliona lori, taa yake ya ku—" kisha skrini ya mahakama ikawa nyeusi. Ghorofa ya chini, simu ya Onalenna ikalia.

"Imeanguka tena," alisema Dikgang, karani wa mahakama ambaye wote walimwita Rra, yaani bwana. "Hakimu ametoka nje. Uso wake sijaupenda."

"Nipe dakika nne, Rra. Inajiwasha yenyewe."

"Wewe unazo dakika nne. Yule mama ndiye hana."

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Bibi huyo, Mma Gaositwe kwa jina la heshima, ndiye mtu pekee aliyeliona lori lililomgonga mumewe karibu na zizi lao, kilomita mia sita kutoka hapo. Miguu ilikuwa imemvimba, safari haiwezi, kwa hiyo alitoa ushahidi kwa video akiwa kituo cha polisi cha kijijini kwao. Kila laini ilipokatika alianza upya, na kila alipoanza upya wakili wa dereva aliandika. Mara ya kwanza bibi alisema taa ya kushoto ilikuwa imekufa. Mara ya pili akasema taa moja. Leo hata neno hakulimaliza, na kulia na kushoto zote huanza na "ku". Wakili alishaanza kuuliza ni nani anayemnong'oneza bibi kila skrini inapozimika.

Mtandao wa mahakama ulikuwa mikononi mwa Onalenna. Faiwoli, lile lango linalokagua kila kinachoingia na kutoka, halikuwa sanduku la kushikika. Lilikuwa mashine pepe, kompyuta ya programu tupu, ndani ya seva moja kubwa, likiishi humo na mashine nyingine kama wapangaji wa nyumba moja. Likianguka, jengo zima linakatika. Siku nyingine lilikaa salama mpaka jioni, siku nyingine lilianguka mara mbili kabla ya saa sita. Alishabadili nyaya, akasasisha programu, akawaandikia waliowauzia. Nao wakamwomba kumbukumbu za matukio, zile zile ambazo kila mara ziliishia ghafla bila kusema kitu.

Saa saba hakimu alimwita. "Kesho saa tatu," alisema, bila kupandisha sauti. "Ikikatika tena, ushahidi wake wote nauweka kando. Siwezi kumtesa mtu namna hii."

Onalenna alirudi mezani kwake. Magwinya, maandazi ya kukaangwa, aliyonunua asubuhi yalikuwa bado kwenye mfuko, mafuta yameshalowanisha karatasi. Hakuyagusa. Alimwomba Dikgang afungue ukumbi mtupu na kuwapigia polisi wa kule kijijini. Konstebo mmoja akakaa mbele ya kamera, akawasomea orodha ya ng'ombe waliopotea. Dakika arobaini zikapita, laini imetulia tuli.

"Unaona?" alisema Dikgang. "Kama mtoto mtukutu. Wageni wakiondoka, anatulia."

Onalenna hakucheka. "Rra, tumefanya kila kitu kama asubuhi?"

Karani akaitazama meza yake. "Kila kitu, ila sijarekodi. Nirekodi nini, ng'ombe wa watu?"

"Rekodi."

Akabonyeza. Onalenna aliikodolea macho grafu ya memori ya seva kwenye kompyuta yake. Mashine ya kurekodi, mpangaji mwingine wa seva ile ile, ilianza kuvimba. Ilimaliza memori yake, ikaomba zaidi, na seva isiyokuwa na akiba ikaanza kuwanyang'anya wengine, faiwoli likiwemo. Dakika ya nane konstebo aliganda mdomo wazi, kisha skrini ikazimika. Ndiyo sababu kesi fupi zilipita salama.

Akafungua mipangilio. Mashine muhimu hutengewa fungu lake la memori lisiloguswa. Faiwoli halikuwa na lolote. Kando yake palikuwa na tarehe ya Machi na jina la aliyelifuta fungu hilo: Onalenna Sebego. Akakumbuka. Mashine ya kurekodi ilikuwa imegoma kuwaka kwa kukosa memori, watu wamesimama wanamngoja, akalichukua fungu la faiwoli, kwa siku ile tu, kisha akasahau kulirudisha.

"Umerekebisha?" aliuliza mkuu wake, Mma Kebonang.

"Nimerekebisha, Mma. Fungu nimelirudisha, na mashine ya kurekodi nimeihamishia seva nyingine."

"Basi mwandikie hakimu barua, useme hitilafu ya kiufundi, yaishe."

"Wakili anasema bibi ananong'onezwa. Nikiandika hitilafu, atauliza hitilafu gani."

"Na ukiandika jina lako?"

Onalenna aliliandika.

Asubuhi hakimu aliisoma barua yote kwa sauti. Onalenna alikuwa ameketi nyuma, kompyuta mapajani. Mma Gaositwe akaanza. Dakika ya nane ikapita. Ya kumi na tano ikapita. Laini haikutikisika, lakini bibi alizungumza kama anayesoma orodha: lori, vumbi, mume wangu. Mwendesha mashtaka akamuuliza kuhusu taa.

"Taa nimeisema mara tatu, mwanangu," alisema bibi taratibu. "Sasa sijui lipi nililiona na lipi nililisema tu."

Wakili akaandika. Onalenna alitamani sakafu immeze.

Hakimu akavua miwani, akamwagiza Dikgang acheze rekodi ya siku ya kwanza, zile dakika nane zilizosalimika, bibi akiitaja taa ya kushoto. Wakili alipopinga, hakimu aliinyanyua ile barua. "Hakuna aliyemnong'oneza. Kaa chini."

Wiki tano baadaye dereva alikutwa na hatia, na hukumu ilisema wazi kwamba iliegemea rekodi ya siku ya kwanza. Onalenna alipewa onyo la maandishi, akalitia sahihi. Mchana huo huo alikaa akaanza kuzipitia mashine zote za seva, moja baada ya nyingine, akilitafuta jina lake kwenye mipangilio. Alilikuta mara mbili zaidi.