Ngozi ya Malkia wa Kinamasi

Mchoraji alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Unywele mmoja kwenye sabuni ulitosha kumharibia siku. Watu walimcheka, lakini kinyaa hicho ndicho kilichomlisha, maana kazi yake ilikuwa kuchora sura za mazimwi na wachawi wa vitabu vya hadithi, na kila kilichomchefua kiliishia kwenye karatasi. Nywele za jini wa mtoni alizitoa kwenye tundu la maji machafu bafuni, zimeshikana na povu la kijivu. Meno ya mchawi yalikuwa ya mwenye nyumba wake, ambaye husalimia watu huku akiyachokonoa kwa ukucha, kisha huwapa mkono ule ule.

Malkia wa Kinamasi ndiye aliyemshinda. Mhariri alimrudishia michoro yote.

"Anatisha," alimwambia kwenye simu, "lakini hachukizi. Nataka msomaji akigusa ukurasa atamani kunawa."

Kabla hajakaa vizuri, wifi yake naye akapiga. Amebanwa kazini, nani atamfunga mama kidonda?

Mama mkwe alikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, kidonda sugu kilichokataa kabisa kupona. Tangu kidonda kianze, mchoraji alipeleka matunda, akakaa karibu na mlango, akaaga kabla beseni halijaletwa. Leo hakuwa na pa kukwepea.

Akavaa glavu, akabana pumzi, akaanza kufungua bandeji. Tabaka la mwisho lilikuwa limegandamana na nyama. Lilipobanduka likatoa sauti ndogo, kama ya kitu kinachonyonywa. Harufu ikampanda puani, tamu na chafu kwa pamoja. Mate yakamjaa kinywani. Akageukia dirisha, akameza, akameza tena.

Alipojilazimisha kutazama, akaona rangi. Pembeni zambarau inayofifia kuwa kahawia. Ukingo mweupe, umeloana kama kidole kilichokaa sana majini. Katikati njano ya usaha, na juu yake utando unaong'aa kijani.

Huyu hapa, aliwaza.

Akasahau kubana pumzi. Akaosha polepole, akasogeza taa, akainamisha kichwa huku na kule.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, sauti imelainika, "hata binti yangu wa kumzaa hunifunga huku akiangalia pembeni. Simlaumu. Lakini wewe unanitazama."

Mchoraji alikazana na pamba.

Alipofika nyumbani alichora ngozi ya uso wa Malkia bila kuinua kichwa. Mhariri alipoupokea mchoro alicheka kwa furaha: "Umeniharibia chakula!" Mchoraji alinawa, akanawa tena mpaka vidole vikakunjamana. Alijiona mchafu kuliko alichokiosha. Na bado kesho yake akampigia wifi: "Pumzika leo, nitamfunga mimi." Mikono ya Malkia ilikuwa bado haijachorwa.

Kitabu kilipotoka, wifi alikiona dukani, akakinunua, akampelekea mama yake. Mchoraji alipofika alikuta kiko wazi mapajani mwa mama mkwe, miwani puani.

"Huu mguu wangu."

"Mama, ni hadithi tu…"

"Usinifanye mtoto. Nalala nao na kuamka nao." Akavuta shuka mpaka kwenye vidole vya miguu. "Mimi nilidhani unanihurumia."

"Nilikuhurumia pia, mama."

"Pia," mama mkwe alirudia, mdomo umempinda kama aliyetafuna kitu kilichooza.

"Wifi, una roho gani wewe?" wifi akauliza kutoka mlangoni, akaingia na beseni. Mchoraji akatoka.

Baada ya hapo ikawa salamu tu, kavu, za mlangoni. Hakugusa brashi. Kila rangi aliyoikamua kwenye kisahani ilimkumbusha usaha, akaimwaga.

Ndipo siku moja wifi akashikwa na homa, na bandeji ikalowa mpaka kwenye godoro. Mama mkwe alipiga simu mwenyewe.

"Njoo unifunge. Lakini utatazama ukutani."

Akaenda. Akapiga magoti, uso kaugeuzia ukuta wenye madoa ya unyevu, akafungua kwa kupapasa. Hapakuwa na rangi ya kumsaidia safari hii. Kulikuwa na harufu tu, na vuguvugu la majimaji lililopenya chini ya glavu mpaka mkononi. Kidole kikateleza kikazama. Akajiziba mdomo kwa kiwiko.

"Tapika kwenye beseni," mama mkwe akasema. "Si juu yangu."

Akatapika mpaka machozi yakamtoka. Alipofumbua macho, aliona mikono ya mama mkwe imemshikia beseni, imara, bila kutetemeka.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, badilisha glavu uendelee. Ukutani."