Shingo Kwanza

Kuna watu hujulikana kwa kazi zao, wengine kwa midomo yao. Yeye alijulikana kwa shingo. Alikuwa mwalimu wa udereva, na tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kumruhusu mwanafunzi hata mmoja arudi nyuma kwa kutegemea kioo. Likifika somo la rivasi, alivua soksi moja, akakivisha kioo cha kati, kisha akatangaza, "Shingo kwanza! Kioo kina mpaka, shingo haina." Mwanafunzi angeziba pua, angecheka, halafu angegeuka nyuma apende asipende. Ndipo mji mzima ukamwita Mwalimu Shingo, na jina likamkaa, tena akalipenda.

Jambo ambalo mji haukulijua ni kwamba shingo yenyewe ilikuwa haigeuki tena. Ilianza kukaza pole pole, upande wa kushoto, ikafuata wa kulia, mpaka akiitwa kwa nyuma ikabidi ageuke mwili mzima kama mlango. Watu walidhani ni maringo ya utu uzima, naye akawaacha wadhani hivyo. Maringo yana heshima yake. Shingo mbovu kwa mwalimu wa udereva haina. Hata mkewe, aliyekuwa akimchua dawa kila jioni, aliamini ugonjwa ni wa mgongo, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Mama mkwe wake alikuwa akiishi nao. Alikuwa bibi mfupi, mpole, mwenye mzaha wa chini chini, na kila asubuhi alitoa kigoda chake uani akakaa kwenye kivuli cha gari kuchambua mchele. Ndipo ikaja asubuhi ile. Mwalimu alitoka kwa haraka, kuna mwanafunzi alikuwa akimngoja, na soksi ya somo la jana ilikuwa bado imevaa kioo. Alitia rivasi, akaijaribu shingo, shingo ikagoma. Akajiambia kwamba uani kwake anakujua kwa moyo. Akaachia klachi.

Kitu kilipasuka chini ya gurudumu. Aliposhuka alikuta kigoda kimesagika, mchele umetapakaa, na mama mkwe amesimama pembeni, ameushika ukuta.

"Ni kosa langu, baba," bibi alisema kabla mtu hajauliza. "Niliinuka kwenda kunywa maji, nikakiacha kigoda nyuma ya gari."

Mkewe mwalimu alikuwa ameshatoka jikoni mbio. "Mama! Nimesema mara ngapi usikae nyuma ya gari? Ungekufa, watu tungewaambia nini?"

Hapo ndipo mwalimu alipopaswa kufungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: sikutazama. Mama mkwe akawa ameinama anaokota punje za mchele mchangani huku akigombezwa na binti aliyemzaa mwenyewe. Mwalimu akakohoa, akasema, "Basi, mama, siku nyingine uwe mwangalifu." Kisha akapanda gari akaenda zake kufundisha watu kutazama nyuma.

Aibu ilimkuta njiani, ikapanda gari naye, na tangu siku hiyo haikushuka. Kila asubuhi alimpita mama mkwe kwenye ukumbi mwembamba wa ndani, maana uani bibi hakutoka tena. Alikaa humo gizani, ungo mapajani, akiusogeza karibu na macho ili aone mawe.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka salama, baba. Safari njema."

Kama angenuna, mwalimu angepata nafuu. Hakununa.

Mambo yangebaki hivyo kama si mkewe kuja na habari. "Nimeona kwa shoga yangu kioo chenye kamera," alisema wakiwa mezani. "Kinabanwa juu ya kile cha kati. Ukitia rivasi tu, unaona nyuma yote. Na sisi tuweke, maana mama ndiyo hivyo, hasikii."

Alisema hivyo bila kushusha sauti, na mlango wa ukumbini ulikuwa wazi.

"Gari la Mwalimu Shingo liwe na kamera?" mwalimu aliruka. "Wanafunzi si watacheka mpaka wavunjike mbavu!"

"Nawe una shingo ngumu!" mkewe akamjibu.

Alikuwa na maana ya ubishi tu, masikini, lakini mwalimu alishtuka akamwaga chai. Kutoka ukumbini kikasikika kicheko kidogo cha bibi, kikakatika ghafla kama mtu aliyejiziba mdomo. Mwalimu akajua: anajua. Huyu mama anajua kila kitu, na amenyamaza.

Wiki nzima alilizungusha jambo hilo kichwani, kwa kuwa kichwa chenyewe hakikuzunguka. Akikataa kamera, siku nyingine chini ya gurudumu hakitakuwa kigoda. Akikubali, kile kioo kitaning'inia mbele ya macho yake kila siku kama ushahidi kwamba bibi ni mzembe, na uongo utakuwa umepigwa skrubu ndani ya gari. Njia ya tatu ilikuwepo, ya kusema kweli, lakini hiyo aliipita mbali. Aliogopa macho ya mkewe. Aliogopa chuo cha udereva kisije kumpa mkono wa kwaheri. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua; hawakusema kwamba kilio chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Hatimaye hofu ya gurudumu ndiyo iliyompeleka kwa fundi wa redio za magari, ambaye siku hizi alifunga na kamera. Bahati mbaya, au ndiyo haki, fundi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu Shingo! Leo umepotea njia?"

"Nataka kioo chenye kamera."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Wewe? Wewe uliyenirudisha darasani kwa kuwa nilichungulia kioo chini ya soksi kwa jicho moja?"

"Si kwa ajili yangu," mwalimu alisema, na jasho likamtoka. "Ni kwa ajili ya mama mkwe."

"Mama mkwe naye anaendesha?"

"Haendeshi. Anakaa nyuma ya gari. Ukimkataza hasikii. Uzee."

"Jamani, njooni!" fundi aliwaita wenzake. "Kumbe kamera ni ya kumchunga bibi!"

Wakacheka karakana nzima. Mwalimu naye akacheka, tena kwa sauti. Alijisikia mwenyewe akicheka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mara ya kwanza alimwachia kosa tu; leo amemchukua mama wa watu akamfanya kichekesho mbele ya wanaume asiowajua.

Fundi alikivua kioo soksi kwa ncha za vidole viwili, akaitupa. Alifunga kamera juu ya kibao cha namba, akapitisha waya chini ya kitambaa cha dari, akabana kioo kipya juu ya kile cha zamani. Alipomaliza alisema, "Hebu tazama nyuma uone nilivyouficha waya." Mwalimu alifungua mlango, akatoa miguu nje, akageuza kiwiliwili chote, ndipo akatazama.

Fundi aliacha kutabasamu. Aliwatazama wenzake kama walikuwa wameona, akakuta hawajaona.

"Pole, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

Pole hiyo ilimchoma kuliko kicheko. Mwalimu aliondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani mkewe alifurahi kama aliyeletewa gari jipya. "Mama! Toka basi usimame hapa nyuma tukijaribu!"

Bibi alitoka. Alikuja pole pole, mkono ukutani, akasimama pale pale kilipokuwa kigoda chake. Mwalimu alikaa kwenye usukani, madirisha yamefunguliwa, akafungua swichi bila kuwasha injini, akatia rivasi. Kioo kikawaka, na mama mkwe akatokea, mzima, angavu, ameegemea mguu mmoja. Mwalimu aligundua kwamba tangu siku ile hakuwa amemtazama usoni.

"Unaniona, baba?"

"Nakuona, mama."

"Umeona?" mkewe alisema, ameinama dirishani. "Sasa mama, hata ukijisahau tena, kioo kitakuokoa."

Ndani ya kioo bibi aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa. Hilo mwalimu hakuliweza.

"Mama hakujisahau," alisema.

"Nini?"

"Ni mimi. Sikutazama. Kioo kilikuwa na soksi, na shingo yangu haigeuki, umeshapita mwaka. Kinachoniuma si mgongo, mke wangu, ni shingo. Kosa ni langu, nikamwachia mama alibebe. Kama asingeinuka kwenda kunywa maji, ningemuua."

Alidhani akishasema atapumua. Alikuwa hajavuta hata pumzi moja bibi aliposema kutoka nyuma, "Sikuinuka."

"Unasema nini, mama?" binti yake aliuliza.

"Siku ile sikwenda kunywa maji. Nilikuwa nimekaa. Nilisikia gari linanijia, nikajitupa kando, nikaangukia nyonga." Alizungumza kwa utulivu, kama anayeeleza chumvi ilipowekwa. "Nyonga haijapona bado. Ndiyo maana uani sitoki, ule mwendo unaniuma."

Mwalimu alitaka kugeuka amtazame. Shingo haikumpa ruhusa, ikambidi amuulize kwenye kioo.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema nini, baba? Mimi nakaa kwako."

Mkewe aliondoka dirishani. Mwalimu alimwona akitokea kwenye kioo, akamshika mama yake chini ya kwapa, akawa analia, na bibi akimpigapiga mkononi anyamaze. Wakaondoka taratibu, kwa mwendo wa ile nyonga, mpaka wakapita ukingo wa picha. Hakuna aliyelitupia gari jicho.

Yeye alibaki ameshika usukani. Kwenye kioo uani kulionekana kote, mpaka ukutani, na hapakuwa na mtu.